Bwawa la Bustani: Uhai Mwingi, Mbu Wachache

Bwawa dogo katika bustani ya nyumba au ya kituo cha afya huwafurahisha wengi na kuwatia wengine hofu. Wapo wanaoona yungiyungi, kerengende na ndege aina ya mdiria. Wapo wanaoona mbu, wakataka lifukiwe mara moja. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, bwawa linalopaswa kuogopwa zaidi ni lile lililotelekezwa.

Mbu aina ya Anopheles gambiae, mwenezaji mkuu wa malaria, hupenda vidimbwi vya muda vinavyopigwa na jua, kama vile nyayo za ng'ombe na mikondo ya magurudumu, ambamo maadui zake ni wachache. Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga katika ndoo, matairi na visahani vya maua. Bwawa la kudumu lenye samaki na wadudu walao nyama huwa makazi magumu kwao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Kisii, nchini Kenya, ulionesha kuwa baada ya sato kupandikizwa katika mabwawa ya samaki yaliyoachwa, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94 ndani ya wiki 15.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukaribisha uhai. Samaki wachache wa asili ya eneo husika wanatosha; wakizidi, humaliza mayai ya vyura na kuchafua maji kwa kinyesi. Samaki wa kigeni aina ya gambusia asiingizwe, kwani akifika mtoni huangamiza viumbe wa asili. Kerengende huvutwa na mimea inayochomoza juu ya maji, na watoto wao, wanaoishi majini, hula viluwiluwi vya mbu. Upande mmoja wa bwawa uwe na mteremko wa mawe ili vyura waweze kutoka na ndege waoge. Majani ya kingoni yapunguzwe, kwa sababu yakisongamana huwaficha viluwiluwi wasifikiwe na samaki.

Kazi ya pili ni kuyaweka maji angavu. Rangi ya kijani hutokana na mwani, na mwani hustawishwa na jua pamoja na naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye mbolea, majani yaliyooza na chakula cha samaki kilichobaki. Dawa ya kuua mwani huondoa dalili na kuacha chanzo. Tiba yenyewe ni kuzuia maji ya shambani yasitiririkie bwawani, kuopoa majani yaliyoanguka, kupunguza chakula cha samaki, na kupanda yungiyungi hadi lifunike karibu nusu ya uso wa maji. Gugu maji lisipandwe kamwe. Utando wa rangi ya kijani-bluu unaweza kuwa na sumu. Watoto na mifugo wazuiwe.

Yapo mambo mawili yasiyopaswa kusahauliwa. Konokono wa majini hazaliwi na kichocho. Huambukizwa pale mkojo au kinyesi cha mgonjwa kinapofika majini. Choo bora na kutojisaidia bwawani ndiyo kinga. La pili ni kuzama: mtoto mdogo anaweza kufa kimya katika maji yasiyofika magotini. Uzio wenye lango linalojifunga, au wavu imara juu ya maji, uwekwe kabla ya bwawa kujazwa.

Mbu huhitaji takribani wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka. Hivyo mhudumu wa afya au mwenye nyumba achote maji ya kingoni kwa upawa mweupe kila wiki. Viluwiluwi vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya Anopheles. Vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine. Vikionekana, majani yapunguzwe na samaki wakaguliwe. Vikiendelea, kitumike kiuatilifu cha kibaiolojia kama kile kinachotengenezwa Kibaha, mkoani Pwani. Bwawa ambalo hakuna wa kulikagua, ni heri lifukiwe.