Moja na Nusu ya Nini?

Muulize mfanyakazi yeyote wa Dar es Salaam au Mwanza ovataimu inalipwaje, atakujibu papo hapo: moja na nusu. Mwajiri wake naye atakujibu hivyo hivyo, na sheria iko upande wao wote wawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 19 kwamba saa ya ziada italipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. (Zanzibar wana sheria yao, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na makala haya hayaigusi.)

Ugomvi huanza ukiuliza swali la pili: moja na nusu ya nini? Madai ya ovataimu hayaharibikii kwenye hiyo moja na nusu. Huharibikia kwenye namba mbili zilizo chini yake: mshahara wa msingi ni upi, na unagawanywa kwa saa ngapi. Namba zote mbili huwekwa siku ya kusaini mkataba, kabla mtu hajafanya hata dakika moja ya ziada, na siku hiyo watu wengi macho yao huwa kwenye jumla ya mshahara peke yake.

Tuanze na kigawanyo. Anayelipwa kwa mwezi hana bei ya saa iliyoandikwa mahali, kwa hiyo lazima itafutwe. Wahasibu wengi huchukua mshahara, wakagawa kwa siku 30, kisha wakagawa tena kwa saa 8. Hesabu hiyo inaonekana ya haki, lakini si ya sheria. Inahesabu siku za mapumziko kana kwamba ni siku za kazi, na kadiri kigawanyo kinavyokuwa kikubwa ndivyo bei ya saa inavyokuwa ndogo. Jedwali la Kwanza la Sheria limeweka njia yake: chukua saa za kawaida ambazo mfanyakazi hufanya kwa wiki, zidisha kwa 4.333, kisha gawa mshahara wa mwezi kwa jibu utakalopata. Hiyo 4.333 ni wiki 52 za mwaka zilizogawanywa kwa miezi 12, kwa kuwa mwezi si wiki nne kamili. Mwenye mkataba wa saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo nyingi kabisa zinazoruhusiwa kuwa saa za kawaida, kigawanyo chake ni 194.985. Maofisini huandikwa 195.

Tuchukue mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000. Gawa kwa 195, saa yake ni shilingi 2,000. Zidisha kwa moja na nusu, saa yake ya ziada ni shilingi 3,000. Sasa rudi kwenye hesabu ya siku 30 mara saa 8. Kigawanyo ni 240, saa inashuka hadi 1,625, na ya ziada inakuwa 2,437.50. Kwa saa 50 za ziada, huyu mtu alistahili 150,000 na amelipwa 121,875. Hakuna aliyemwibia kwa makusudi, pengine. Lakini shilingi 28,125 hazimo mfukoni mwake, na mwezi ujao hazitakuwemo tena.

Mkataba ukisema saa 40 kwa wiki, kigawanyo hushuka hadi 173.32 na saa ya ziada ya mtu yuleyule hupanda kufika kama shilingi 3,375. Ziada yenyewe nayo huanza mapema, kwa sababu sheria inaita saa za ziada kazi yoyote iliyo juu ya saa za kawaida. Ndiyo maana ule mstari mfupi wa mkataba unaosema "saa za kazi zitakuwa kadhaa kwa wiki" una fedha nyingi ndani yake kuliko wengi wanavyodhani. Ukiona umeachwa wazi, au umeandikwa "kama kazi itakavyohitaji", usisaini kabla haujajazwa. Sheria inamtaka mwajiri aandike saa hizo katika maelezo ya ajira, tena kesi ikifika mbele na mwajiri akashindwa kutoa maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa ni wake.

Namba ya pili ni mshahara wa msingi wenyewe. Hapa sheria ni kavu kabisa. Mshahara wa msingi ni malipo ya kazi iliyofanyika ndani ya saa za kawaida, na posho hazimo, hata zile zinazokokotolewa kwa asilimia ya mshahara. Posho ya nyumba haimo. Ya usafiri haimo. Malipo ya ovataimu hayamo, wala nyongeza ya usiku, ya Jumapili au ya sikukuu. Matokeo yake ni kwamba wawili wanaopokea shilingi 500,000 kila mmoja wanaweza kuwa na ovataimu tofauti kabisa. Wa kwanza ana msingi wa 390,000 na posho 110,000, kwa hiyo saa yake ya ziada ni 3,000. Wa pili ana msingi wa 250,000 na posho 250,000, na saa yake ya ziada haifiki hata 1,925. Wamekaa meza moja, wametoka saa ileile, na kwa saa 50 za ziada tofauti yao inakaribia shilingi 54,000. Kuupanga mshahara hivyo hakukatazwi, mradi msingi usishuke chini ya kima cha chini cha sekta husika. Lakini anayeajiriwa anatakiwa kujua kwamba akikubali posho kubwa na msingi mdogo, amekubali pia bei ndogo ya kila saa ya ziada atakayofanya.

Vipo vifungu vya mkataba vinavyosema "mshahara huu unajumuisha saa za ziada". Mimi navipinga bila kusita. Sheria imeshatoa malipo ya ovataimu nje ya mshahara wa msingi, sasa mtu atajuaje kipi ni msingi na kipi ni ziada ndani ya kapu moja? Tena viwango vya ajira vya sheria ni sehemu ya kila mkataba hata visipoandikwa, isipokuwa pale mkataba unapotoa masharti bora zaidi au sheria yenyewe inaporuhusu mabadiliko. Kukubali kupokea chini ya moja na nusu si sharti bora.

Lipo pia kosa la kulipa ile nusu tu, kwa hoja kwamba "moja" imo ndani ya mshahara wa mwezi. Haimo. Mshahara wa mwezi umelipia saa za kawaida, zile 195 za hesabu yetu. Saa inayokuja juu yake haijalipiwa na chochote.

Kazi ya usiku ndiyo inayonitia uchungu zaidi, kwa sababu wanaoifanya ndio wanaopunjwa na ndio wasio na muda wa kukokotoa malipo yake. Kwa sheria yetu, usiku ni kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kila saa ndani ya muda huo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na saa hiyo ikiwa ni ya ziada, asilimia 5 hupigwa juu ya kiwango cha ovataimu.

Mchukue mlinzi wa kampuni binafsi mwenye msingi uleule wa 390,000, anayeingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Saa zake 9 za kwanza ni za kawaida, maana 9 ndiyo kikomo cha siku. Zinaishia saa 9 usiku, na 7 kati yake ni za usiku: shilingi 100 kila moja, jumla 700. Kuanzia saa 9 usiku hadi asubuhi ni saa 3 za ziada kwa 3,000, jumla 9,000, na asilimia 5 ya usiku juu yake, 450. Lindo moja lina shilingi 10,150 nje ya mshahara. Malindo matano ni 50,750, na hapo saa 45 za wiki zimekwisha. Lindo la sita lote ni ziada: saa 12 kwa 3,000 ni 36,000, na saa 10 za usiku kwa 150 ni 1,500. Wiki imefika shilingi 88,250. Wiki nne ni 353,000, karibu mshahara mwingine mzima. Walinzi wengi wanaofanya zamu hiyo hupewa mshahara na "asante".

Msimamizi atasema kuna saa moja ya kula ndani ya zile 12, na saa ya mapumziko hailipwi. Kweli, anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipia. Lakini yanalipwa pale mfanyakazi anapotakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kufanya kazi wakati huo. Mlinzi wa peke yake hula akiwa amekaa kwenye stuli kando ya geti, bakuli mapajani, na gari likipiga honi anaweka bakuli chini anafungua. Huyo hajapumzika, na saa yake inalipwa.

Hesabu hiyo ya walinzi ina tatizo jingine kubwa kuliko fedha. Saa za ziada haziruhusiwi kuzidi 50 katika kila wiki nne, na mlinzi wetu amefanya 108. Hata ukimkata saa ya kula kila lindo, bado anabaki na 84. Mpangilio wa wiki iliyobanwa, unaoruhusu hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu, hauokoi hali hii. Unahitaji makubaliano ya maandishi, hauzidi siku tano kwa wiki, na saa za kawaida zinabaki 45. Dawa ni kuajiri mlinzi mwingine. Na mwajiri aliyevuka kikomo asije akasema saa zilizozidi hazilipiki kwa kuwa hazikuruhusiwa: sheria inataka alipie saa yoyote ya ziada iliyofanyika.

Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu za kitaifa zina bei yake, mara mbili ya msingi kwa kila saa. Kwa mtu wetu ni 4,000. Ovataimu yenyewe hufanywa kwa makubaliano, na "leo hakuna kutoka" ya bosi si makubaliano. Anayelipwa kwa kipande, au ambaye malipo yake hupanda na kushuka, hukokotolewa kwa wastani wa wiki 13 zilizopita. Nje ya masharti haya ya saa wamo wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Kumwita mtu supavaiza hakumtoi kwenye ovataimu ikiwa yeye hasimamii mtu.

Majirani zetu Kenya wanatumia mantiki ileile kwa namba nyingine. Amri yao ya jumla ya mishahara inaweka wiki ya saa 52 kwa siku sita, na asiyeajiriwa kwa saa bei ya saa yake isipungue sehemu moja ya 225 ya msingi wa mwezi. Zidisha 52 kwa 4.333 utaona 225 imetoka wapi. Wao pia hulipa moja na nusu siku za kawaida na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu. Mtanzania anayekwenda kufanya kazi Nairobi asibebe 195 yake.

Anayeona amepunjwa aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la aliyemwagiza abaki, siku ileile, na atunze slipu zake za mshahara. Kama ofisi ina daftari la mahudhurio, apige picha ukurasa wake kila mwisho wa wiki. Madai ya jumla kama "nimefanya ovataimu miaka mitatu" huanguka mbele ya msuluhishi, lakini jedwali la tarehe na saa humlazimu mwajiri kuleta lake. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1, na kwa madai ya aina hii muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, si zile 30 za kuachishwa kazi isivyo halali. Aliyechelewa huomba kwanza kuongezewa muda na kueleza sababu, na wengi hukwamia hapo kabla hesabu zao hazijaangaliwa.