Gari Limechemka Wapi?

Kaskazi inapokolea, kati ya Januari na Machi, ni nadra msafiri kutoka Mombasa hadi Voi asikutane na gari lililosimama kando ya barabara, boneti imeinuliwa, mvuke unafoka, na akina mama wamejitanda leso wakitafuta kivuli cha mbuyu huku watoto wakiulizia maji ya kunywa. Pengine ni safari ya harusi. Pengine ni ya maziko, ambayo hayangoji. Dereva amekwisha kupewa shauri na kila apitaye. Huyu asema ni rejeta, yule asema ni pampu, wa tatu aapa kuwa gasketi imeungua. Yamkini wote wamekosea, kwa kuwa hakuna aliyetangulia kuuliza.

Swali lenyewe nililisikia kwa fundi mmoja mkongwe wa Majengo. Kijana alimletea gari la kuvutwa kwa kamba, akaanza kumhesabia vipuri alivyokwisha kununua na kubadilisha. Mzee akamkatiza kwa upole.

"Mwanangu, hayo ya vyuma tutayafikia. Niambie kwanza, lilichemka wapi?"

"Likoni, mzee, kwenye foleni ya kivuko."

"Na ukishatoka foleni ukashika barabara?"

"Hapo halina neno kabisa."

Mzee hakuigusa rejeta. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha fyuzi.

Ili kuelewa kwa nini, yafaa tujue joto hutoka wapi na huenda wapi. Injini ya petroli haigeuzi mafuta yote kuwa mwendo. Kwa makadirio, theluthi moja ndiyo isukumayo gari. Theluthi ya pili hutoka kwa ekzosi pamoja na moshi. Iliyobaki huachiwa maji yaichukue. Pampu huyazungusha maji katika vijia vilivyomo ndani ya injini, yakapokea joto, yakapita mpira wa juu hadi kwenye rejeta, na huko yakapoa kwa upepo kabla ya kurudi kwa mpira wa chini. Gari likiwa mbioni, upepo waja wenyewe. Likisimama, hakuna upepo ila wa feni. Kwa hivyo gari linalochemka foleni na kupoa barabarani linashitaki feni, wala si rejeta, wala si pampu.

Feni ya umeme ina mambo machache ya kutazamwa: fyuzi, rilei, nyaya, mota ya feni yenyewe, na kihisi joto kinachoiamrisha kuzunguka. Mwenye gari anaweza kuanza mwenyewe nyumbani. Washa injini, kisha washa kiyoyozi. Katika magari mengi feni huanza kuzunguka mara moja au baada ya muda mfupi. Isipozunguka, fundi wa umeme ndiye wa kuitwa kwanza. Magari yenye feni inayozungushwa na injini, kama baadhi ya matatu na pikapu, yana maradhi mengine: kifaa kinachoshikanisha feni na injini huchoka kikaiachia. Injini ikiwa imezimwa, feni nzima hukaza kidogo ukiizungusha kwa mkono. Iliyochoka huzunguka kama tiara. Ila usipeleke mkono kwenye feni ya umeme hata injini ikiwa imezimwa, kwa maana yaweza kujiwasha wakati wowote maadamu kuna joto.

Jambo lingine kabisa ni gari lisilo na shida mjini, likachemka linapopanda Mazeras na abiria saba ndani, au katika ile barabara ya kona kutoka Mwatate kwenda Wundanyi. Hapo upepo upo tele na feni haina kesi. Kinachokosekana ni wingi wa maji yapitayo au uwezo wa rejeta kuyapoza. Tazama kwanza nje: matope yaliyokauka, wadudu na vumbi la Taru hujaza mapezi ya rejeta hadi hewa isipite. Hayo huoshwa kwa maji ya nguvu ndogo, tena kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwani mapezi ni laini na hupinda kwa urahisi. Uchafu wa ndani ndio mzito zaidi, na kwetu pwani una asili yake.

Visima vingi vya Mombasa ni vya maji ya chumvi. Tunayajua kwa sabuni isiyotoa povu na kwa ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Maji hayo hayo ndiyo madereva wengi wanayotia kwenye rejeta kila asubuhi, dumu likiwa limewekwa nyuma ya kiti. Chumvi huila alumini, na ukoko ule wa birika hujenga ndani ya mirija ya rejeta iliyo myembamba kuliko mrija wa kalamu. Baada ya miaka michache nusu ya rejeta imeziba, na mwenye gari hana habari kwa sababu mjini nusu iliyobaki inatosha. Mlima ndio unaofichua. Kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu, ndiyo dawa. Na si kwa ajili ya baridi, kama wanavyodhani wengi, bali kwa sababu ina viambato vya kuzuia kutu na pia huchelewesha kuchemka. Asiye na uwezo wa kulanti leo, basi maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko ya kisima.

Kifuniko cha rejeta chastahili kutajwa hapa, kwa kuwa hulaumiwa mara chache na huua injini mara nyingi. Kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu. Huyabana kwa shinikizo la ziada linalokaribia lile la hewa inayotuzunguka, na maji yaliyobanwa hivyo, yakiwa na kulanti, huweza kukaribia nyuzi 120 bila kuchemka. Raba ya kifuniko ikipasuka, faida hiyo hupotea. Maji yasiyobanwa huchemka kwa nyuzi 100 hapa ufukweni, lakini Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzi 94. Gari lenye kifuniko kibovu laweza kuzunguka kisiwani mwaka mzima bila shida, kisha likakwama njiani siku ya kwanza linapopelekwa bara.

Shinikizo hilo hilo ndilo linalounguza watu. Kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa moto, maji hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni na kifuani mwa aliyeinama. Tambara mkononi si kinga. Zima kiyoyozi, egesha, zima injini, wapeleke watoto mbali na barabara, kisha ngoja nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu uweze kushikwa na kubonyezwa kwa vidole. Wala usimwage maji ya baridi juu ya injini. Silinda hedi ya alumini hupinda au kupasuka kwa mshtuko huo, na hasara iliyokuwa ndogo ikawa kubwa. Aliyeungua amwagiwe maji safi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, asipakwe samli wala dawa ya meno, kisha apelekwe hospitali.

Ikiwa huna budi kulisogeza gari kidogo hadi mahali pa salama, fungulia hita hadi mwisho na uteremshe vioo. Ni adhabu katika jua la Februari, lakini hita ni rejeta ndogo, nayo hupunguza joto la injini. Ikitoa hewa baridi ilhali injini inawaka moto, zima mara moja: maji yamekwisha.

Sasa tuje kwa gari linalochemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, foleni au hapana foleni. Kama maji yamo tele, anayeshukiwa kwanza ni themostati, kile kilango kidogo chenye nta ndani yake. Nta ikipata joto huyeyuka, hutanuka, na kukisukuma kilango kifunguke. Kikikwama kimefungwa, mpira wa juu huwa moto na wa chini ukabaki baridi. Mafundi wengi wa pwani wana tiba moja: hukitoa na kukitupa, wakisema kwetu hakuna baridi, kilango cha nini? Kwa maoni yangu hii ndiyo desturi mbaya kuliko zote katika gereji zetu. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na husagika upesi. Isitoshe, katika injini kadhaa themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato. Ikitolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita rejeta, na gari likachemka kuliko awali.

Kukipima ni kazi ya jikoni. Kitie katika sufuria ya maji ambayo haitapikiwa tena chakula, kisiguse chini, uweke moto na kipimajoto. Nyuzi zake zimechapwa juu yake, 82 au 88 aghalabu. Kisipoanza kufunguka karibu na hapo, nunua kipya chenye nyuzi hizo hizo.

Inabaki kesi inayoogopwa: maji yanapungua kila siku na chini ya gari hapana hata tone. Kwanza hakikisha hakuna uvujaji. Maji meupe yasiyo na harufu, yanayodondoka upande wa abiria baada ya kutumia kiyoyozi, si ugonjwa. Ni unyevu wa hewa yetu. Kulanti ina rangi, na ikikauka huacha alama kwenye maungio ya mipira na chini ya pampu. Kama hakuna alama yoyote, yawezekana maji yanaingia ndani ya injini kupitia gasketi ya hedi. Dalili ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto, oili iliyogeuka kama chai ya maziwa, na mpira wa juu kuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi, kabla ya joto lolote. Lakini usikubali injini ifunguliwe kwa dalili moja. Ipo dawa ya majimaji ya buluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Hewa ya moshi ikiwamo, hugeuka manjano. Fundi asiyekuwa nayo na aombe kwa mwenzake.

Msitegemee mshale wa joto peke yake. Katika magari mengi ya sasa umetengenezwa ukae katikati, hata joto likipanda na kushuka kiasi, hivyo unapoanza kusogea tatizo limekwisha kukua. Magari madogo mengi ya Kijapani hayana mshale kabisa, yana taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Na maji yakiisha yote, kihisi hubaki hewani na chaweza kuonyesha kuwa mambo ni shwari. Kinachoaminika ni kufungua boneti asubuhi, injini ikiwa baridi, na kutazama.

Hatimaye, ile kulanti yenyewe. Nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayoharibu figo, na kiasi kidogo kinatosha kumdhuru mtoto au paka. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda wala ya sharubati. Iliyomwagika sakafuni ioshwe kwa maji mengi siku hiyo hiyo, na ya zamani ipelekwe gereji ndani ya dumu lake, lililofungwa na kuandikwa jina. Mtoto akionekana ameinywa, apelekwe hospitali mara moja hata kama hajaonyesha dalili, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili daktari asome kilichomo.