Mwenye Nakala, Mwenye Kazi na Mwenye Sauti

Lugha ya kila siku huchanganya mambo mawili: kumiliki nakala na kumiliki kazi. Anayenunua diski ya filamu aweza kuitazama, kuiuza, hata kuivunja. Lakini haki ya kutoa nakala na kuzisambaza hubaki kwa mwenye kazi. Mwaka 2006 mahakama ya shirikisho ya Colorado, Marekani, ilishikilia msimamo huo katika kesi ya CleanFlicks. Kampuni hiyo iliondoa katika filamu za watu uchi, matusi na umwagaji damu, ikajitetea kwamba kwa kila nakala iliyohariri ilinunua nakala moja halali. Utetezi huo ulikataliwa.

Je, shabiki asiyetafuta faida? Mike J. Nichols aliihariri upya filamu ya Star Wars ya mwaka 1999 na kuifupisha. Toleo lake likajulikana kama The Phantom Edit. Mapenzi yake kwa kazi hiyo hayakumpa umiliki, ingawa mpangilio mpya ulikuwa zao la akili yake.

Swali hili si geni kwetu. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alitia sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni: alitafsiri, akafafanua, akaongeza mzaha na maoni yake. Picha si yake. Maneno ni ya nani? Mkataba wa Berne huilinda tafsiri kama kazi asilia, bila kuathiri haki za mwenye kazi ya awali. Lakini mkataba huohuo humpa mwenye kazi mamlaka ya kuidhinisha tafsiri. Kuhusu tafsiri isiyo na idhini, sheria za nchi hutofautiana. Ya Marekani huinyima ulinzi sehemu inayotumia kazi ya mwingine isivyo halali. Hivyo msimulizi aliyenakiliwa bila malipo aweza kukosa mlango wa kudai, kwa kuwa naye aliingia bila kubisha hodi.

Kwa mwanaisimu, hasara iko wazi. Masimulizi hayo ni hazina ya Kiswahili cha mazungumzo, lakini maktaba itasita kuyahifadhi na kuyachapisha. Nasi basi tusingoje mahakama: tunaponukuu, tumtaje mwenye filamu na msimulizi pia. Kumtambua mtunzi wa maneno si kumhalalishia picha za mwenziwe.