Mashine ya kupasua kuni: lipa ukishaona gogo limepasuka

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Limuru, Kinangop na Molo haina mzaha. Jiko la kuni linawaka asubuhi na jioni, na nyuma ya nyumba kuna rundo la magogo ya mkaratusi yanayongoja shoka. Mzee mgongo unamsumbua, vijana wako mjini, na kibarua wa kupasua anakuja siku anayotaka yeye. Hapo ndipo unaona tangazo kwenye simu: mashine ya haidroliki ya kupasua kuni, bei nafuu, tuma pesa kidogo leo tukuwekee, kesho iko kwako.

Mteja wetu mmoja wa Kinangop aliona tangazo kama hilo. Alituma Sh15,000 za kushikilia mashine. Akaambiwa lori liko tayari, akatuma Sh6,000 za usafiri. Akaombwa Sh4,500 tena za "kibali cha barabarani". Alipouliza ni kibali gani, simu ikawa mteja. Kufikia wakati alipotupigia, zile Sh21,000 zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala, na hatukuwa na pesa ya kumrudishia. Hakuna simu ngumu kama hiyo, kwake na kwetu.

Kwa hivyo leo tunaongea kuhusu kuchagua mashine hii, kuifikisha nyumbani na kuilipia. Jambo la kushika ni moja: pesa yako ifuate mashine. Kila shilingi itoke baada ya wewe kuona kitu kwa macho.

Inafanyaje kazi

Kama umewahi kuona jeki ikiinua matatu, tayari unaijua. Pampu inasukuma mafuta ndani ya silinda, mafuta yanasukuma pistoni, na pistoni inalibana gogo kwenye kabari ya chuma mpaka lipasuke. Nguvu yake hupimwa kwa tani. Haipigi kama shoka, inasukuma polepole, na ndiyo maana hata mtu asiye na misuli ya kupasua kuni anaweza kuitumia. Kuni zilizopasuliwa hukauka haraka kuliko gogo zima, na kuni kavu hazijazi jikoni moshi.

Anza na magogo yako, bei baadaye

Chukua futi ya fundi, nenda kwenye rundo, upime unene na urefu wa gogo kubwa kuliko yote. Kisha linganisha na aina hizi tatu:

- *Ya mkono.* Unapampu vishikio kama vya jeki. Haitaki umeme wala petroli, na kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini. Kasi yake ni ndogo. Inafaa nyumba inayotumia kuni chache.
- *Ya umeme, tani 5 hadi 7.* Hupokea gogo la unene wa sentimita 25 hivi na urefu wa sentimita 50 hivi. Nyingi zina uzito wa kilo 50 hivi, watu wawili wanaibeba. Kwa boma moja linalopikia kuni na kuota moto, hii mara nyingi inatosha.
- *Ya petroli, tani 20 na zaidi.* Inapasua magogo manene yenye vifundo, hata shambani kusiko na umeme. Lakini uzito unaweza kupita kilo 200, na injini inataka oili, plagi na fundi. Inaleta maana kwa anayeuza kuni, kwa shule, au kwa majirani walioungana.

Kuna siri moja ya kuokoa pesa hapa. Mkaratusi hupasuka kwa urahisi ukiwa bado mbichi, ukikauka unakuwa mgumu kweli kweli. Ukiupasua mapema halafu uanike kuni zako chini ya mabati, mashine ndogo itakutosha. Watu wengi hununua tani nyingi kwa sababu wanangoja gogo likauke kwanza.

Soma kibao kabla ya kusoma bei

Kila mashine ya umeme ina kibao kidogo chenye maandishi. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Mashine iliyotengenezewa soko la Marekani huandikwa volti 110 au 120, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wako, mota itaungua. Ile ya mtumba kutoka Uingereza, inayouzwa kama "ex-UK", kwa kawaida inaingia bila shida, hata plagi yake ni ile ile ya miguu mitatu.

Angalia pia wati. Mota ya wati 2,200 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nzima inakula yuniti 2.2 za tokeni. Hiyo si mbaya. Shida huja kwa waya: ukiiunganisha kwa waya mwembamba na mrefu, umeme hupungua njiani na mota huchemka. Tumia waya wa kurefusha wenye unene wa milimita mraba 2.5, na usiuache umejikunja.

Ya petroli, uliza injini ni ya aina gani. Ikiwa ni ile inayotumika pia kwenye pampu za maji, vipuri utavipata karibu kila mji. Ikiwa ni aina ambayo fundi wa kwenu hajawahi kuiona, bei rahisi itakuwa ghali baadaye.

Piga hesabu ya bei yote

Bei ya tangazo si bei ya kufika nyumbani. Tuchukue mfano, nawe uweke nambari zako:

- Mashine: Sh30,000
- Nauli ya kwenda kuikagua: Sh1,000
- Usafiri hadi nyumbani: Sh3,500
- Mafuta mapya ya haidroliki: Sh1,500
- Waya mzito wa umeme: Sh2,400

Jumla ni Sh38,400. Sasa tuseme kibarua wa kupasua anakugharimu Sh800 kwa siku, na unamwita siku mbili kila mwezi. Hiyo ni Sh19,200 kwa mwaka. Mashine itarudisha pesa yako baada ya miaka miwili, na hapo hatujahesabu tokeni. Ukimwita siku moja tu kwa mwezi, ni miaka minne. Kusema kweli, kwa nyumba kama hiyo shoka jipya na kibarua mzuri vinatosha.

Njia nyingine ni chama. Nyumba tano zikigawana hiyo Sh38,400, kila moja inatoa Sh7,680. Lakini michango iingie kwenye akaunti ya chama ambayo wanachama wanaweza kuona taarifa zake. Isiingie kwenye simu ya mtu mmoja. Andikeni pia mashine italala kwa nani na nani atalipa ikiharibika.

Nenda na gogo lako

Usikubali kuonyeshwa video. Beba magogo mawili kutoka nyumbani, moja lililonyooka na moja lenye kifundo, mwombe muuzaji ayapasue mbele yako. Ukiwa hapo, angalia haya:

- Chuma cha pistoni kiwe laini. Kikiwa na mikwaruzo mirefu, kitakula sili na mafuta yatavuja.
- Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia ndani.
- Pampu ikilia kwa nguvu na pistoni haisogei, hiyo ni kazi ya fundi, bei ishuke au uondoke.
- Ya umeme iwe inaendeshwa kwa mikono miwili kwa pamoja. Hiyo imewekwa ili mkono usiwe karibu na kabari. Mashine ambayo kishikio kimoja kimefungwa kwa waya ili itumike kwa mkono mmoja, iache.
- Usitafute tundu la mafuta kwa kidole. Mafuta yenye presha yanaweza kupenya ngozi. Tumia kipande cha katoni.

Hata nyumbani, mtu mmoja ndiye aweke gogo na yeye huyo aendeshe. Wawili wakisaidiana, mmoja hubonyeza kabla mwingine hajaondoa mkono.

Kuifikisha nyumbani

Ya umeme inaingia nyuma ya Probox. Nyingi za kulala zina skrubu ndogo ya kutoa hewa, ambayo hufunguliwa kidogo wakati wa kazi. Ifunge kabisa kabla ya safari, la sivyo mafuta yatamwagika kwenye gari na utafika na mashine isiyo na nguvu. Siku ya kuitumia, kumbuka kuifungua tena.

Ukiituma kwa ofisi ya mizigo, piga picha mashine na nambari yake ya kiwandani, na uhakikishe risiti imeandika ni nini kilichomo. Risiti iliyoandikwa "mzigo mmoja" haitakusaidia kitu kukipotea.

Ya petroli inataka pikapu. Mwaga petroli kwanza. Isafirishwe ikiwa imesimama wima, kwa sababu injini ikilala, oili huingia mahali isipotakiwa. Ifunge kwa mikanda pande nne, ukishika fremu. Usifunge kwenye mipira ya mafuta wala kwenye kishikio. Zingine zina magurudumu na mkono wa kuvutwa, na utashawishika kuivuta nyuma ya gari kutoka Nairobi hadi Njabini. Usijaribu. Magurudumu hayo madogo ni ya kusogeza mashine shambani, hayakutengenezewa barabara kuu.

Kulipa, hatua kwa hatua

1. *Kabla ya kuiona:* usitume kitu. Muuzaji akisema kuna mteja mwingine njiani, mwache huyo mteja ainunue.
2. *Ukiiona na kuijaribu:* lipa pale pale. Kama ni duka, lipa kwa nambari ya till ya biashara, na jina linalotokea lifanane na la duka. Ukiombwa utume kwa nambari ya "mke wangu" au "dereva", simama kwanza.
3. *Kabla ya kuweka PIN:* soma jina na kiasi. Sekunde tano tu.
4. *Usafiri:* elewana na dereva umlipe nusu mzigo ukipakiwa na nusu ukishuka kwako.
5. *Baada ya kulipa:* usifute ujumbe wa uthibitisho. Mwombe muuzaji aandike karatasi yenye tarehe, nambari ya mashine na nambari ya muamala.

Tuseme ukweli pia kuhusu kurudisha pesa. Ukikosea nambari, tuambie papo hapo, na kama pesa bado iko kwenye akaunti ile, kuna nafasi ya kuisaidia. Lakini ikiwa ulimtumia mtu uliyekusudia, na baadaye mashine ikakataa kufanya kazi au haikufika, hatuwezi kuchukua pesa yake kwa neno la upande mmoja. Ikiwa umetapeliwa, tupigie mara moja halafu uende kituo cha polisi uandikishe. Zile jumbe ambazo hukufuta ndizo ushahidi wako.

Na wewe unayeuza mashine, jihadhari pia. Ujumbe kwamba umelipwa unaweza kutungwa. Angalia salio lako mwenyewe kabla pikapu haijaondoka.

Yule mteja wetu wa Kinangop hakukata tamaa. Aliweka akiba kidogo kidogo, na mwaka uliofuata akasafiri hadi kwa muuzaji akiwa na gogo la mkaratusi kwenye gunia. Watu dukani walimcheka. Gogo lilipopasuka, akasoma jina kwenye simu, akaweka PIN, akafunga ile skrubu, akaondoka na mashine yake ndani ya Probox. Hakukuwa na mtu wa kumwomba pesa ya kibali tena.

Ukiona tangazo na huna uhakika nalo, tupigie kabla ya kutuma. Nasi hatutakuuliza PIN yako, hata siku moja.