Saa ya Mama na Saa ya Edinburgh

Katika majira yangu ya kwanza ya baridi mjini Edinburgh, kule Scotland, ambako nasoma shahada ya uzamivu katika elimu ya takwimu, nilimwandikia dada yangu aliyeko Mombasa maneno machache kwa simu: "Saa kumi u nusu hii, giza limeshatanda, nami ningali chuoni." Sikukusudia ila kulalamika kidogo. Kumbe yeye aliyasoma kama yasomwavyo kwetu pwani. Saa kumi u nusu yenye giza ni ile ya kabla ya alfajiri, wakati jogoo wawika. Akawaeleza jamaa kwamba ndugu yao siku hizi halali, na hazikupita siku mbili ila mjomba wangu aliniletea nasaha ndefu juu ya haki ya mwili kwa mwenyewe. Ilinibidi nitoe maelezo: ilikuwa saa kumi u nusu ya alasiri, wala sikuwa nimekesha. Mwezi wa Desemba jua la Edinburgh hutua saa kumi kasoro dakika ishirini, na kutoka Adhuhuri hata Magharibi hazipatikani ila kama saa tatu u nusu. Mwanafunzi akiingia darasani baada ya chakula cha mchana bila kuangalia, hutoka na Alasiri imempita.

Mjomba hakuridhika sana. "Alasiri gani hiyo yenye giza?" akauliza. Na kwa kweli swali lake lina haki yake. Saa zetu sisi Waswahili zimefungwa na jua: likichomoza twaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili, hata likitua tumefika kumi na mbili, kisha twaanza tena na usiku. Hesabu hii yatufaa kwa kuwa tu karibu na mstari wa ikweta. Pale Mombasa wakati wa Magharibi hautofautiani, mwaka mzima, zaidi ya nusu saa hivi. Lakini Edinburgh ni nchi nyingine kabisa. Mwezi wa Juni jua hutua saa nne za usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi u nusu, na mchana huwa wa saa kumi na saba na nusu. Mwezi wa Desemba mchana huo huo hubaki saa saba tu. Mtu akisema "saa moja asubuhi" huko katika baridi, jina lasema jua limechomoza, na macho yaona nyota.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Yaliyofuata hayakuwa.

Mama yangu ni mtu mzima, na kwa muda mrefu alikuwa akisumbuliwa na mtoto wa jicho. Katika kiangazi cha mwaka 2025 tuliagana kwamba kila Jumapili nitampigia simu saa mbili u nusu za usiku, akiisha kuswali Isha na kula, kabla hajalala. Saa tatu yeye huwa kitandani. Kwa saa za Uingereza za wakati ule, wakati huo ulikuwa ni saa kumi na mbili u nusu jioni, kwani wao walikuwa nyuma yetu kwa saa mbili. Nikaitega kengele ya simu yangu ilie kila Jumapili kwa wakati huo, nami nikastarehe, nikaona jambo limekwisha. Simu ya mkononi haisahau.

Jumapili ya tarehe 26 Oktoba ilikuwa na uzito wake. Kesho yake asubuhi Mama alikuwa apelekwe hospitali kupasuliwa jicho. Alikuwa ameniambia wiki nzima: "Nataka nikusikie sauti kabla sijafungwa jicho." Sasa, Waingereza wana ada, tangu mwaka 1916, ya kuzisogeza saa zao mbele kwa saa moja, siku hizi katika Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuzirudisha katika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ili jioni za kiangazi ziwe na mwanga zaidi. Wakati wenyewe wa kuzirudisha ni usiku wa manane, watu wamelala. Zamani kila mwenye saa ukutani alipanda kiti akaigeuza kwa mkono wake, na kwa hiyo hakuweza kutojua. Siku hizi simu hujigeuza yenyewe. Haikuniamsha wala haikuniuliza. Nilipoamka nilifurahi tu kuwa nimepata usingizi mrefu kidogo. Na kengele yangu, kama mtumishi mtiifu, ikaifuata saa ya simu: ilikuwa tayari kulia saa kumi na mbili u nusu, ambayo kwa Mombasa sasa haikuwa tena saa mbili u nusu, bali saa tatu u nusu.

Mama alikaa kibarazani na simu mapajani. Saa mbili u nusu ikapita. Saa tatu kasoro robo akanipigia yeye. Nami nilikuwa maktabani, sauti ya simu nimeifunga kama ilivyo kanuni ya mahali pale. Akapiga mara tano. Halafu umeme ukakatika mtaani, na simu yake, ambayo chaji yake ilikuwa ndogo, ikazimika mkononi mwake. Nilipotoka nikaona amenipigia, nikasema moyoni, "Mama leo ana haraka." Kengele ilipolia nikapiga, simu haikupatikana. Nikadhani amelala, nikarudi kwenye vitabu vyangu.

Yeye hakulala. Alijua mwanawe hajapata kuiacha Jumapili hata moja tangu tulipoagana, basi akafikiri yale ambayo mama hufikiri. Asubuhi walipompima hospitali, presha ilikuwa juu sana. Daktari akasema hapasuliwi mtu katika hali ile. Arudi nyumbani, atulie, aje baada ya wiki mbili. Mimi sikuambiwa chochote. Nilipompata mchana aliniambia tu kwamba siku imeahirishwa. Habari yenyewe niliisikia kwa dada yangu siku ya Alhamisi, naye alinieleza kwa upole ambao ulikuwa mzito kuliko lawama.

Jumamosi yake nilikuwa na ahadi ya kumzuru rafiki katika mji wa Kirkcaldy, ng'ambo ya ghuba ya Forth. Treni huvuka lile daraja kubwa la chuma lililofunguliwa mwaka 1890. Njiani nikawa nasoma habari za saa, maana moyo wangu haukuwa na jambo jingine, nikakuta kwamba mji huo huo niuendeao ndipo alipozaliwa Sandford Fleming mwaka 1827. Mhandisi huyu alihamia Canada akajenga reli. Mwaka 1876, akiwa safarini Ireland, alikosa treni kwa sababu kitabu cha nyakati kiliandika jioni mahali pa asubuhi, akakesha akingojea. Tangu hapo akashika kuwataka walimwengu wahesabu saa ishirini na nne bila kurudia, na dunia nzima igawanywe katika kanda za saa zinazopatana. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na saa yake kwa jua lake. Edinburgh peke yake ni nyuma ya Greenwich kwa dakika kumi na mbili hivi. Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington, na mkutano ukaamua kwamba mstari wa Greenwich ndio uwe mwanzo wa hesabu.

Siwezi kumlaumu Fleming. Bila kazi yake na ya wenzake nisingejua nimpigie Mama lini hata kidogo. Lakini nilipokuwa nikitazama maji ya Forth chini ya daraja nilimkumbuka mtu mwingine, Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, aliyetengeneza mwaka 1371 saa kubwa ya jua ya marumaru. Ilionyesha saa zilizopita tangu jua kuchomoza, na zilizobaki kabla halijatua. Bibi yeyote wa Mombasa angeisoma hesabu ile bila kufundishwa. Saa ya namna ile hairudishwi nyuma usiku wa manane na mtu yeyote.

Mama alipasuliwa salama baada ya zile wiki mbili, alhamdulillahi, na usiku wa kuamkia siku ile nilimpigia kwa wakati. Nilimweleza kisa chote cha saa kurudishwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na jua nalo lilirudi nyuma?" Nikasema la. Akasema, "Basi."

Siku hizi kengele ya simu nimeifuta. Nimenunua saa ndogo ya mezani, ya mishale, nikaitega kwa hesabu ya nyumbani: Mombasa ikiwa saa mbili u nusu usiku, mshale mfupi uko kati ya mbili na tatu, kama inavyotakiwa. Sina budi kuilinda, kwani naishi na kijana mmoja wa Malaysia, mtu mwema na msaidizi mno, naye kila aitazamapo huona imeharibika. Amekwisha kunisahihishia mara mbili.