"Weird": majaliwa yaliyogeuka kioja

Kijana wa London akikutana na jambo la ajabu husema tu "weird". Mtu wa huko aliyeishi miaka elfu moja iliyopita asingemwelewa. Kwake wyrd lilikuwa jina la kitu kizito: ajali (kwa maana ya wazee wetu, si ya basi kupinduka), lile alilopangiwa mtu kabla hajalifikia. Neno limetokana na kitenzi weorðan, "kuwa" au "kutokea", ambacho Wajerumani wanacho hadi leo: werden.

Katika Beowulf, utenzi uliobaki katika nakala moja tu ya yapata mwaka 1000, shujaa huitaja wyrd anapokwenda kupambana: ataamua ushujaa wake, lakini mwisho wa pambano hauko mikononi mwake. Ukristo haukulifuta neno hili. Tafsiri ya kitabu cha mwanafalsafa Boethius inayohusishwa na Mfalme Alfred wa karne ya 9 inaiweka wyrd chini ya Mungu, iwe kazi anayoitenda kila siku. Hapo msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, kudura anaijua.

Baadaye neno likafifia Uingereza, likaendelea kuishi Scotland, na huko likashikamana na hadithi ya Macbeth. Holinshed, katika kitabu chake cha historia cha mwaka 1577, anawataja "weird sisters", wanawake watatu wanaomtabiria Macbeth ufalme, kisha papo hapo anafafanua kuwa ni miungu wa kike wa majaliwa, au pengine viumbe wa jamii ya majini. Mwandishi akianza kuwafafanulia watu neno la lugha yao wenyewe, ujue limeshawatoka. Shakespeare alilichota humo kwa tamthilia yake ya Macbeth. Wachapaji wa tamthilia zake wa mwaka 1623 walilibabaikia: mara tatu weyward, mara tatu weyard. Mhariri Theobald ndiye aliyerudisha weird, mwaka 1733.

Kwa kuwa wengi walilijua kupitia tamthilia hiyo tu, na humo walikutana na wanawake wenye ndevu na mavazi ya kutisha, wakadhani neno linaeleza sura zao. Mwaka 1816 mshairi Shelley, katika shairi lake Alastor, akalitumia kuielezea sauti ya usiku. Majaliwa hayamo tena. Tangu hapo limezidi kushuka bei, na leo hata supu iliyozidi chumvi huitwa weird.

Hasara kubwa, kwa maoni yangu, inampata msomaji wa Macbeth. Akiwachukulia wale watatu kuwa "akina dada wa ajabu", swali zito linampita: je, Macbeth alimuua Mfalme Duncan kwa sababu ilikuwa imeandikwa, au kwa sababu aliambiwa kwamba imeandikwa? Aliyeijua maana ya zamani aliliona swali hilo ndani ya jina lenyewe, kabla mauaji hayajatokea.