Tiba kwa Kinga: Istilahi Moja na Seli za Daudi

Mkazi wa Temeke au Kinondoni akitajiwa "kingatiba" haulizi maana yake. Ni vile vidonge vilivyogawiwa mitaani na shuleni ili kuzuia matende, mabusha na minyoo. Neno hilo limekwisha kupata makao. Kwa hiyo mfasiri anayelichukua, au kuligeuza likawa "tibakinga", ili kutaja njia ya kutibu saratani kwa nguvu za mwili wenyewe, humpoteza msomaji wake. Mgonjwa anayepanda daladala kutoka Mbagala kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road atadhani anapewa dawa ya kumzuia asiugue, hali ameugua tayari.

Istilahi hapana budi ifuate kazi inayotendeka. Kazi yenyewe yaonekana vizuri katika utafiti wa mwanasayansi mmoja, Eva Klein, ambao sehemu yake ilianzia kwetu Afrika Mashariki.

Bibi Klein alizaliwa Budapest mwaka 1925. Baada ya Vita Kuu ya Pili alihamia Sweden, na katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm yeye na mumewe, George Klein, walifanya utafiti kwa miongo mingi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alikuwa ameeleza saratani inayovimbisha mataya ya watoto, nayo ikaitwa kwa jina lake. Akina Klein walishirikiana na Peter Clifford, mpasuaji wa Nairobi, wakawa wakipelekewa vipande vya uvimbe huo kwa uchunguzi. Jambo lililowashughulisha ni kwamba baadhi ya wagonjwa walipona moja kwa moja kwa dawa kidogo tu. Je, mwili wenyewe haukuwa umesaidia?

Mwaka 1967 seli za mgonjwa mmoja wa miaka 16 zilioteshwa maabarani, zikaitwa Daudi. Seli hizo zingali zikizaana hadi leo, na katika maabara nyingi duniani hutumika kupimia nguvu ya kingamwili zinazokusudiwa kuua saratani ya aina hiyo. Jina la Daudi, kwa matamshi yetu hasa, hutajwa na watu wasiojua neno jingine la Kiswahili.

Kisha, mwaka 1975, Bibi Klein pamoja na Rolf Kiessling na Hans Wigzell walitangaza jambo jipya. Katika bandama za panya ambao hawakuwahi kuchanjwa waliona seli zinazoua seli za saratani ya damu. Hazikuhitaji kufundishwa adui kwanza. Kwa Kiingereza ziliitwa "wauaji wa asili", na hapo ndipo penye mtego kwa mfasiri. Neno "asili" lina maana nzito: bila mafunzo, bila chanjo. Lakini "muuaji" kwa Kiswahili ni mtu wa kufikishwa mahakamani. Mgonjwa akiambiwa kwamba damu yake imepungukiwa na wauaji, atashukuru Mungu! Mimi napendekeza "seli doria asilia". Doria yafahamika kwa polisi na kwa sungusungu: hupita, hukagua, na akimwona mhalifu humkabili.

Sasa turudi kwenye tiba yenyewe. Wapo watakaosema "tiba ya kinga" yatosha. Haitoshi, kwa sababu "-a" unganishi haituambii kama kinga ndiyo inayotibiwa, ndiyo inayotafutwa, au ndiyo inayotibu. "Kwa" hutaja chombo: tunakata kwa kisu, tunaandika kwa kalamu. "Tiba kwa kinga" basi ni tiba ambayo chombo chake ni kinga, kama vile mionzi ilivyo chombo katika tiba kwa mionzi. Chini yake twaweza kuweka matawi mawili. Kinga ya kuamshwa ni pale dawa inapozichochea seli za mgonjwa mwenyewe, kama ilivyofanywa miaka ya 1980 kwa protini iitwayo interleukini-2. Kinga ya kuazima ni pale mgonjwa anapotiwa kingamwili zilizotengenezwa nje ya mwili wake.

Limebaki neno "kingamwili" lenyewe. Wataalamu hulitumia kwa protini ile inayomnasa adui. Lakini tangu ulipokuja UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, watu wengi wakilisikia hudhani ni kinga yote ya mwili. Mjadala wake tunauacha wazi kwa wasomaji, na barua zao tutazipokea.